Kutoka mashamba ya chai hadi baharini: Jinsi ya kupanga safari fupi ya Nairobi na Pwani

CHAI inayochumwa katika vilima vya Kabianga, Kaunti ya Kericho, husafiri hadi Mombasa mwaka mzima. Huko ndiko mnada wa chai ya eneo hili la Afrika umekuwa ukifanyika tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka wa 1969. Hata hivyo, miongoni mwa wanaoichuma wapo wengi ambao hawajawahi kuiona bahari.

Kwa familia nyingi za wakulima wadogo, nafasi ya kufunga safari kama hiyo huja mara moja kwa mwaka. Malipo ya mwisho ya chai, maarufu kama bonasi, hulipwa aghalabu mwezi wa Oktoba, majuma machache kabla ya wanafunzi kufunga shule kwa likizo ndefu. Fedha hizo hizo ndizo zinazotegemewa kulipa karo ya Januari, kununua mbolea na kukarabati nyumba. Kwa hivyo, safari iliyopangwa ovyo haiharibu likizo tu, bali huweza kuiacha familia na deni mwaka mzima.

Kosa la kwanza ambalo wasafiri wengi hufanya ni kupima safari kwa kilomita na kusahau kuipima kwa siku. Kabianga, iliyoko katika eneobunge la Belgut, kusini-magharibi mwa mji wa Kericho, iko mbali na bahari kiasi kwamba takriban nusu ya likizo ya juma moja huishia njiani. Anayelifahamu jambo hili mapema hupunguza mahali pa kuzuru, husafiri mchana na hupata muda wa kupumzika. Asiyelifahamu hujaribu kuona kila kitu, hulazimika kusafiri usiku na hurejea nyumbani akiwa hoi.

Wakati unaofaa

Pwani ya Kenya hupata mvua kubwa kati ya Aprili na Juni, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, lakini kwa kawaida huwa haba kuliko za masika.

Upepo nao hubadilika. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi karibu na Machi, na wakati huo bahari huwa tulivu na maji yake maangavu. Kusi huvuma katikati ya mwaka, na huleta mawimbi makubwa pamoja na mwani mwingi ufuoni. Mtu anayetaka kupanda mashua na kuona samaki kwenye matumbawe hufaidika zaidi msimu wa kaskazi.

Majuma mawili ya mwisho wa Desemba ndiyo ghali kuliko yote. Nauli za magari hupanda, vyumba hujaa, na tiketi za gari moshi huisha mapema. Familia inayoweza kuondoka mwezi wa Novemba, punde tu shule zinapofungwa, huokoa fedha nyingi kwa safari ile ile. Anayebeba mwavuli wakati huo hatajutia.

Ni vyema pia kuangalia kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Katika mwezi huo, mikahawa mingi ya Mji wa Kale wa Mombasa hufungwa mchana na mji huchangamka baada ya magharibi. Hilo si kikwazo kwa mgeni, bali ni jambo la kujiandalia.

Shambani nako kunahitaji mpango. Majani ya chai hayamsubiri msafiri, kwani huchumwa kila baada ya siku chache, na yakipita kiasi hukomaa na kukataliwa katika kituo cha kununulia. Kabla ya kuondoka, mwenye shamba hana budi kukubaliana na mtu atakayechuma na kupeleka majani kituoni, na mwingine atakayekama ng'ombe.

Hesabu ya siku

Kwa anayetaka kuona Nairobi, Mombasa na sehemu ya pwani ya kaskazini bila kukimbizana na saa, siku nane na usiku saba zinatosha. Mpango unaofuata unaweza kubadilishwa kulingana na uwezo wa kila mtu.

Siku ya kwanza ni ya kusafiri kutoka Kabianga hadi Nairobi. Siku ya pili ni ya kuzuru jiji. Siku ya tatu, msafiri hupanda gari moshi la asubuhi hadi Mombasa. Siku ya nne hutumika mjini Mombasa. Siku ya tano, safari ya barabara huelekea kaskazini kupitia Mtwapa, Kilifi na Gede, na kulala Watamu au Malindi. Siku ya sita, baada ya kukaa ufuoni asubuhi, msafiri hurejea Mombasa. Siku ya saba hurudi Nairobi kwa gari moshi, na siku ya nane huwasili nyumbani kukiwa bado mchana.

Mpango huu unaonyesha kwamba siku nne kati ya nane ni za safari ndefu pekee. Mwenye siku tano tu anashauriwa kuacha ama ziara ya Nairobi ama ile ya Malindi. Kujaribu kubana yote mawili katika siku tano ndiko huwalazimisha watu kusafiri usiku.

Njia mbili za kufika Nairobi

Kutoka Kabianga kuna njia mbili kuu za kuelekea jijini. Ya kwanza hupitia Kericho, Londiani Junction, Mau Summit, Salgaa, Nakuru na Naivasha. Kutoka mji wa Kericho hadi Nairobi kwa njia hii ni takriban kilomita 260, na safari huchukua muda wa saa tano hadi sita iwapo hakuna msongamano.

Njia ya pili hushuka hadi Litein na Kaplong, kisha hupitia Bomet, Mulot, Narok, Suswa na Mai Mahiu kabla ya kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Wakazi wa Bomet na sehemu za kusini mwa Kericho huipenda kwa sababu ina malori machache kuliko ile ya Nakuru. Aidha, hapo Mai Mahiu msafiri hupita karibu na kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Italia mnamo 1942.

Kila njia ina hatari zake. Mnamo Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50 katika soko la Londiani Junction. Oktoba 2018, zaidi ya watu 50 walifariki basi lilipoanguka karibu na Fort Ternan alfajiri, baada ya kusafiri usiku kutoka Nairobi. Sehemu ya Salgaa imeshuhudia vifo vingi kwa miaka mingi, na baada ya ajali ya Desemba 31, 2017 iliyoua watu 36 pale Migaa, ukuta wa kutenganisha magari ulijengwa katikati ya barabara.

Njia ya Mai Mahiu nayo huathiriwa na mafuriko. Mwishoni mwa Aprili 2024, maji yaliyoporomoka usiku yaliua makumi ya watu katika eneo hilo. Anayesafiri msimu wa masika anapaswa kusikiliza utabiri wa hali ya anga, na asithubutu kuvuka maji yanayopita juu ya barabara.

Kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025. Kwa sababu hiyo, msafiri anayetumia njia ya Nakuru hana budi kuongeza muda kwa ajili ya magari yanayosimamishwa au kuelekezwa kando.

Mambo haya yote yanaelekeza kwenye ushauri mmoja: kuondoka alfajiri na kufika kabla ya giza. Gari linaloondoka Kericho saa kumi na mbili asubuhi hufika Nairobi adhuhuri, na hata likichelewa kwa muda wa saa tatu, msafiri bado atatafuta chumba chake mchana.

Kwa vikundi vinavyokodisha matatu, kama vile vyama vya akina mama, kwaya na shule, kanuni za uchukuzi zinasema dereva hapaswi kuendesha gari kwa zaidi ya muda wa saa nane katika kipindi cha saa 24. Wenye kukodisha wana haki ya kuuliza ni nani atakayekuwa kwenye usukani, kama bima ni halali, na kama kuna dereva wa pili. Kikundi kinachomlazimisha dereva mmoja kwenda Mombasa moja kwa moja kutoka Kericho kinajihatarisha chenyewe.

Siku moja jijini

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, na sehemu nyingi za kuvutia katikati ya jiji zinaweza kufikiwa kwa miguu. Kwa siku moja, ni bora kuchagua sehemu mbili au tatu zilizo karibu.

Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, KICC, lililofunguliwa mwaka wa 1973, lina orofa 28, na juu yake mgeni huweza kulitazama jiji lote. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, kuna bustani ya kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la bomu la Agosti 7, 1998. Majina ya waliofariki yamechongwa ukutani.

Upande wa reli kuna makumbusho ya gari moshi, yanayowafaa sana watoto. Makumbusho ya Kitaifa yako kwenye kilima cha Museum Hill, nje kidogo ya katikati ya jiji, na mtu anaweza kukaa humo nusu siku nzima.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka wa 1946, ina ukubwa wa takriban kilomita 117 mraba na imepakana na jiji. Hata hivyo, kuizuru kunahitaji gari na asubuhi nzima. Ada za mbuga hulipwa kwa njia ya mtandao wa eCitizen wala si pesa taslimu langoni, hivyo basi ni vyema kuthibitisha viwango na kulipa mapema. Ikumbukwe pia kwamba tangu Juni 2020, chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa, misitu na fuo zilizohifadhiwa.

Magari mengi kutoka magharibi mwa nchi hushusha abiria katika mitaa iliyo karibu na River Road, ambako kuna msongamano mkubwa. Mgeni anayeshuka hapo na mizigo anashauriwa kujua tayari anakoelekea na awe na mwenyeji wa kumpokea, au apande teksi kutoka ofisi ya kampuni iliyomsafirisha. Simu isitolewe mfukoni barabarani ili kutafuta njia.

Gari moshi au barabara?

Nairobi na Mombasa zimetengana kwa takriban kilomita 480. Tangu Juni 2017, gari moshi la Madaraka Express limekuwa likisafirisha abiria kwenye reli ya kisasa, SGR, kutoka kituo cha Nairobi kilichoko Syokimau hadi Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa.

Kuna gari moshi linaloondoka asubuhi, ambalo husimama katika vituo kama Emali, Mtito Andei na Voi, na kuna yale ya alasiri na usiku. La asubuhi ndilo linalomfaa zaidi mgeni. Kwanza, hupita katika mbuga ya Tsavo mchana, na mara nyingi abiria huwaona ndovu kupitia dirishani. Pili, hufika Miritini alasiri, wakati magari ya kuelekea mjini ni mengi na mtu bado anaweza kuona anakokwenda.

Nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ilipandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024, nayo ya daraja la kwanza ikawa Sh4,500. Tiketi hununuliwa kwa simu au mtandaoni kwa kutumia nambari ya kitambulisho, na kitambulisho hicho hicho huangaliwa kituoni. Kwa watoto, ni busara kubeba nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Mizigo hukaguliwa kabla ya abiria kuingia, na visu na pombe haviruhusiwi. Msafiri anafaa kuwa kituoni angalau saa moja kabla ya gari kuondoka. Kwa kuwa magari ya asubuhi jijini hukwama katika msongamano wa Barabara ya Mombasa, kuna gari moshi dogo linalowapeleka abiria Syokimau kutoka kituo cha kati cha reli.

Anayechagua kuendesha gari lake mwenyewe anapaswa kujua kwamba barabara kuu ya Mombasa ndiyo njia ya malori yanayobeba shehena za bandari. Sehemu kubwa ni ya njia moja kwenda na moja kurudi, na kupita lori kunahitaji subira. Kulala Mtito Andei au Voi ni salama kuliko kuendelea usiku.

Mombasa kwa siku moja

Ngome ya Yesu, inayojulikana na wengi kama Fort Jesus, ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na ilitekwa na majeshi ya Oman mwaka wa 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Shirika la UNESCO liliitambua kama turathi ya dunia mwaka wa 2011.

Kutoka ngomeni, Mji wa Kale uko hatua chache tu. Vichochoro vyake vyembamba, milango ya nakshi na baraza za mawe huonekana vyema asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Watu huishi katika nyumba hizo, hivyo basi mgeni huomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na huvaa mavazi ya heshima. Siku ya Ijumaa, saa za adhuhuri ni za sala, na maduka mengi hufungwa kwa muda.

Chakula cha mitaani ni nafuu na ni sehemu ya ziara. Mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai na mishikaki jioni, pamoja na madafu wakati wowote, hugharimu kidogo kuliko mlo wa hotelini.

Anayetaka kwenda pwani ya kusini huvuka kwa feri ya Likoni, ambayo huwavusha watembea kwa miguu bila malipo. Mwenye gari anaweza kuepuka foleni ya feri kwa kutumia barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka wa 2024.

Barabara ya kaskazini

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni takriban kilomita 120. Kwa jicho la msafiri wa Kericho, aliyezoea umbali mkubwa, hii ni safari ya muda mfupi. Hata hivyo, kipande cha kutoka Nyali hadi Mtwapa huwa na msongamano mkubwa asubuhi na jioni, na ujenzi wa kupanua barabara hiyo umekuwa ukiendelea. Ni bora kuvuka Mtwapa kabla ya saa mbili asubuhi.

Mtu anaweza kukodisha gari mjini Mombasa au kutumia matatu zinazokwenda Kilifi na Malindi siku nzima. Anayekodisha anafaa kukagua magurudumu, bima na breki, na kupiga picha za mikwaruzo iliyopo kabla ya kutia saini. Anayetumia matatu hushuka anapotaka, kisha hupanda nyingine.

Kituo cha kwanza ni Bamburi, ambako machimbo ya saruji yaliyokuwa jangwa la mawe yalianza kupandwa mivinje mwaka wa 1971. Leo ni bustani yenye msitu, viboko na twiga, ijulikanayo kama Haller Park. Mkulima anayejua thamani ya udongo atapata mengi ya kujifunza hapo.

Mbele ya daraja la Mtwapa kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 ulioachwa kando ya bahari. Mahali hapa ni tulivu, na panafaa kwa mapumziko ya muda wa saa moja.

Kilifi iko karibu nusu ya njia. Daraja lake refu lilikamilika mwaka wa 1991, na kabla ya hapo magari yalivuka mkono wa bahari kwa feri. Upande wa kusini wa daraja kuna magofu ya Mnarani, ambapo msafiri huutazama mkono huo wa bahari kutoka juu.

Baada ya Kilifi, barabara hupita ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita 400 mraba, hadi kufika Gede. Hapa kuna magofu makubwa zaidi ya safari hii: msikiti, kasri, makaburi na visima vya mji uliostawi kwa karne kadhaa kabla ya kuhamwa katika karne ya 17. Mwaka wa 2024, Gede iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia. Ziara huhitaji muda wa saa mbili na kiongozi anayeijua historia ya mahali hapo.

Kutoka Gede, njia ya kulia huelekea Watamu na barabara kuu huendelea hadi Malindi. Hifadhi za baharini za Watamu na Malindi zilitengwa mwaka wa 1968. Malindi ina nguzo ya msalaba inayohusishwa na Vasco da Gama, aliyefika huko Aprili 1498 na kupewa nahodha wa kumwongoza hadi India.

Wengi hutamani kuendelea hadi Lamu, ambayo mji wake wa kale umekuwa turathi ya dunia tangu 2001. Lakini kutoka Malindi hadi Mokowe, mahali pa kupanda mashua ya kwenda kisiwani, kuna zaidi ya kilomita 200, na barabara hiyo imewahi kushambuliwa mara kadhaa tangu 2014. Lamu inastahili safari yake yenyewe, yenye siku zake na taarifa mpya za usalama. Kuiongeza kwenye siku hizi nane ni kuiharibu safari yote.

Bahari na mgeni wa milimani

Bahari hujaa na kupwa mara mbili katika kila siku. Wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa kubwa zaidi, na wenyeji huita maji hayo bamvua. Mtu anayetembea kwenye miamba maji yakiwa yamepwa anaweza kujikuta amezingirwa yanaporudi. Kwa hivyo, kila asubuhi ni lazima kumuuliza mwenyeji au mvuvi saa ambazo maji yatajaa.

Watoto waliolelewa karibu na mito midogo ya Kericho hawajazoea mawimbi. Mtoto asiingie majini bila mtu mzima kuwa karibu naye kiasi cha kumshika mkono. Katika mashua, kila abiria avae jaketi la kujiokoa tangu mwanzo, na mashua isiyo na majaketi ya kutosha isipandwe hata kama bei yake ni nafuu. Vilevile, viatu vya raba huzuia miguu kukatwa na matumbawe au kuchomwa na miiba ya viumbe wa baharini.

Malaria: Hatari inayorudi na msafiri

Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika nyanda kama hizi, malaria si ugonjwa wa kila siku, bali huzuka mara kwa mara. Kwa sababu hiyo, wakazi wake wengi hawana kinga ya mwili kama ya watu walioishi na ugonjwa huo tangu utotoni. Pwani, malaria huambukizwa mwaka mzima.

Mwenyeji wa Kilifi anaweza kuumwa na mbu na kuugua kidogo, ilhali mgeni kutoka Kabianga anaweza kulemewa haraka. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano ndio walio hatarini zaidi. Familia inashauriwa kumwona daktari majuma mawili au matatu kabla ya safari ili kujua kama inahitaji dawa za kuzuia malaria, kwa kuwa baadhi huanza kumezwa kabla ya kuondoka na huendelea baada ya kurudi.

Kulala ndani ya neti iliyotiwa dawa, kuvaa nguo za mikono mirefu jioni na kujipaka dawa ya kufukuza mbu ni mambo ya lazima. Chumba kisicho na neti kisikubaliwe. Na kama hakuna kingine, neti ya kubeba ni nyepesi.

Hatari kubwa huja baada ya likizo. Dalili za malaria huanza kuonekana kuanzia juma moja baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingi katika muda wa mwezi mmoja. Wakati huo msafiri yuko nyumbani, kwenye baridi na mvua ya Kericho, na ni rahisi kudhani kwamba homa, maumivu ya viungo na kutapika vimesababishwa na mafua. Yeyote anayepata homa katika kipindi hicho anapaswa kupimwa damu siku hiyo hiyo, na kumweleza mhudumu wa afya kwamba alikuwa Pwani. Kauli hiyo fupi inaweza kuokoa maisha.

Fedha

Kabla ya kupanga lolote, karo ya Januari itengwe kwanza. Kinachobaki ndicho cha safari. Kutoka kwenye hicho, nauli ya kurudi nyumbani kwa kila mtu na gharama ya kulala usiku mmoja viwekwe kando, mahali pasipoguswa, kwani ndivyo vitakavyomwokoa msafiri gari likiharibika au mtu akiugua.

Tiketi za gari moshi za kwenda na kurudi zinunuliwe pamoja, ili mtu asijikute Mombasa bila njia ya kurudi siku za msongamano. Nyumba za kulala wageni zihifadhiwe kwa simu, na mwenye kuhifadhi aulize kama bei ni ya mtu au ya chumba, kama kuna neti, na ni umbali gani kutoka barabara kuu. Malipo yote ya awali yasitumwe kwa nambari ya mtu binafsi aliyejitangaza mtandaoni bila kuthibitishwa na mtu anayepafahamu mahali hapo.

Siku chache kabla ya kuondoka, msafiri ahakikishe ana vitambulisho, tiketi, dawa, neti, mavazi mepesi na yenye heshima, sweta ya Nairobi asubuhi na ya kurudia nyumbani, pamoja na nambari za simu za wenyeji zilizoandikwa kwenye karatasi endapo simu itazima. Nyumbani naye abaki mtu mmoja anayejua ratiba nzima, siku kwa siku, na atakayepigiwa simu kila jioni.